Swali Nililoliruka

Nilimngoja yule kijana miezi kumi na mmoja. Sikumngoja kwa rungu wala kwa matusi. Nilimngoja nikiwa nimenyoa ndevu, nimevaa shati la kanisani, nimekalia kiti cha plastiki katika chuo kimoja cha utabibu mjini Kitale, na mkononi nina fomu ambayo ingetosha kumrudisha kwao Bumula bila cheti. Kisasi changu nilikipata. Kilikuwa kitamu kwa muda wa kama saa tano hivi.

Nianze na lori. Karibu miaka ishirini niliendesha lori la mahindi ya msaada kutoka Kitale hadi Lokichogio, na baadaye ng'ambo ya mpaka, Kapoeta na Torit. Kiarabu cha Juba nilijifunza huko, kwa kuuliza njia, kubembeleza wanajeshi kwenye vizuizi na kununua mbuzi. Ni Kiarabu cha dereva. Kinajua matope, tairi, chumvi, na subiri kidogo. Watu walinisifu kwamba nakijua, nami nikakubali sifa hiyo bila kuipunguza.

Nilipoacha kazi nilikaa kwenye ploti yangu ya vyumba vya kupangisha, nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Kiminini. Mke wangu alikuwa ameshafariki. Katika chumba cha mwisho cha ploti alikaa mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Alikuwa ametoka kambini kule Turkana ili binti yake mmoja asome shule za huku, kama wanavyofanya wengi wao. Mume wake alibaki Juba, akija mara moja kwa mwaka. Kiswahili alikuwa hajui, ila salamu na bei ya sukuma wiki.

Tangu wiki ya pili aliniita Baba. Nilipougua malaria ni yeye aliyenipikia uji wa mtama na kunisimamia mpaka niumalize. Nguo zangu zikilowa mvua ikinyesha ghafla, nazikuta zimekunjwa mlangoni. Mimi nami nikamchukua kama mke wa mwanangu. Nililifanya kwa mapenzi, na ubaya wote ulianzia hapo.

Mtu asiye wa kwetu hataelewa hili nisipolieleza. Nilikulia Bumula. Mama mkwe wangu aliishi mpaka akazeeka kabisa, na sikuwahi kumpa mkono hata siku moja. Tulisalimiana kila mtu ameangalia upande wake. Baba hazungumzi na binti yake, wala na mke wa mwanawe, mambo ya mwili wa mwanamke. Hayo ni ya senge, dada ya baba. Senge asipokuwepo, yanangoja mpaka apatikane. Nililelewa hivyo na nikawalea wanangu hivyo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba siku moja nitakaa hospitalini, katikati ya binti wa namna hiyo na kijana mwenye koti jeupe, na senge hayupo.

Siku hiyo aliamka ameshika ubavu wa kulia, chini kabisa ya tumbo. Akaniambia tumbo linamkata. Nikamwambia twende, nitakusemea.

Pale hospitalini wagonjwa walikuwa wengi, na wanaowaona kwanza ni wanafunzi. Tukaitwa chumba cha tatu. Kijana alikuwa mrefu, mwembamba, tai imelegea shingoni. Alipofungua mdomo nikajua ni wa nyumbani.

"Kuka, habali ya asubuhi?"

Kuka kwetu ni babu. Ile l yake ilinichoma. Mimi nilipoanza kazi ya lori madereva wengine walinicheka kwa lugha hiyo hiyo mpaka nikajirekebisha, na sikupenda kuisikia ikitoka kinywani mwa mtu anayeitwa daktari.

"Njema," nikasema. "Mgonjwa ni huyu. Kiswahili hajui. Mimi nitatafsiri."

"Sawa. Huyu anaumwa wapi?"

Aliniuliza mimi. Kuanzia hapo hakumtazama tena yule mama. Mama huyo alikaa katikati yetu kama mzigo tulioushusha. Ameanza kuumwa lini? Amekula nini? Anaharisha? Maswali hayo niliyapeleka vizuri, nikarudisha majibu vizuri, nikajiona mtu wa maana. Halafu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye faili, akayatoa matatu kwa pumzi moja.

"Ana mimba? Siku zake za mwezi aliona lini? Na ametokwa na damu yoyote?"

Nikamgeukia yule mama. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Nikasikia masikio yanapata moto. Nikamwuliza kwa Kiarabu, "Unasikia baridi?"

Aliniangalia. Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko swali lile lilivyostahili. Kisha akainamisha uso na kusema, "La, Baba."

"Anasema hapana," nikamwambia kijana.

"Yote matatu?"

"Yote."

"Kuka, una hakika?"

"Wewe unajua Kiarabu?"

"Zii, kuka, nauliza tu. Usikasirike."

Akaandika. Mwenzake akachungulia mlangoni kuuliza kama amemaliza, na yule kijana akacheka kidogo, akasema, "Namaliza. Hawa wakimbizi bana, tumbo likinguruma tu wako hapa. Si ni ile karatasi ya kwenda Amerika wanatafuta." Wakacheka wote wawili. Yule mama naye akatabasamu, maana ukiona watu wanacheka mbele yako na hujui kwa nini, unafanya nini? Tukapewa dawa za taifodi na tembe za maumivu. Nje aliniuliza walicheka nini. Nikamwambia ni mambo ya vijana.

Siku ya tatu, asubuhi, nilimkuta amepiga magoti kando ya bomba la ploti, ndoo imefurika na maji yanamwagikia miguu yake. Midomo ilikuwa imepauka. Nikaita tuktuk. Dereva alipiga honi kutoka kwetu mpaka hospitalini bila kuuondoa mkono. Wakamwingiza thieta ya upasuaji moja kwa moja.

Daktari mkubwa alitoka baada ya saa mbili. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mzee. Mimba ilikuwa imejishika kwenye mrija, nje ya mahali pake, na mrija umepasuka. Mama atapona, ila mtoto hayupo, na mrija mmoja wameutoa. Akasema, "Angeulizwa tu kama ameona damu, tungempima mkojo siku ile ile na tungejua. Nani alimwona?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa mlango mpana kabisa, umefunguliwa kwa ajili yangu. Nikasema, "Ni yule mwanafunzi wa Bumula. Yule mrefu."

Kijana akaitwa. Alikuja mbio, kisha akapunguza mwendo alipotuona. Daktari mkubwa alikuwa ameshika faili.

"Hukumwuliza huyu mama kama anatokwa na damu?"

"Nilimwuliza, daktari. Nimeandika. Angalia hapo: mkalimani amesema hapana."

"Mkalimani amesema. Ulikuwa unamtibu mkalimani ama mgonjwa?"

Kijana akaniangalia. Aliniangalia tu, anangoja. Ukutani kulikuwa na kalenda ya duka moja la pembejeo la Wahindi pale mjini, yenye picha ya trekta jekundu. Nililitazama trekta lile mpaka wakaondoka.

Akapewa onyo la maandishi. Chuo kikasema atarudia somo la kuzungumza na mgonjwa, na akianguka mtihani wake wa mwisho, aende nyumbani.

Nami nikaanza kumchukia. Mtu anaweza kushangaa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila siku nilipomwona yule mama akitembea ameinama kidogo, mkono kwenye kidonda, nilikumbuka kile kicheko na ile karatasi ya Amerika, na chuki ikapanda kama maziwa jikoni. Lile swali langu la baridi nalo lilikuja. Likija, nilikimbilia kicheko. Kicheko kilikuwa cha kweli, hakuna aliyeweza kukikana, na kilitosha kunifichia mengine. Nilipika ugali nikimwazia kijana yule. Nilipalilia mahindi nikimwazia. Nilijaribu sentensi mbalimbali za kumwambia siku tutakapokutana, nikazitupa zote kwa kuwa hazikuuma vya kutosha.

Yule mama mwenyewe hakutaja jina la mtu wala hospitali. Alipopona alianza kuuza karanga za kukaanga sokoni, na Kiswahili kikamwingia kwa kasi, kile cha sokoni chenye mizaha. Kwangu alileta uji kama zamani. Ila kulikuwa na ukimya fulani alipoweka kikombe mezani, nami nikauita huzuni ya mtoto.

Baada ya miezi michache mwalimu wa chuo alikuja kwangu. Wote wanamwita Madam, nami nitamwita hivyo. Alisema kisa kile kimewaamsha. Wameanzisha masomo ya kuwafundisha wanafunzi kuzungumza na wakimbizi, na wanahitaji wagonjwa wa kuigiza: mtu mzima anayejua lugha, akae kitini, ajifanye mgonjwa, wanafunzi wajaribu kwake kabla ya kwenda kuwaumiza watu wa kweli. Mwisho wa mwaka patakuwa na mtihani, na mgonjwa wa kuigiza naye atajaza fomu.

"Yule kijana wa Bumula atakuwepo?" nikauliza.

"Wote lazima wapite."

"Basi nakuja, Madam. Hata kesho."

Akanishukuru kwa moyo wangu mzuri.

Nilikuwa mwalimu hodari, ukweli niuseme. Niliwaonyesha jinsi ya kuweka viti ili mgonjwa na daktari watazamane na mkalimani akae kando. Niliwaambia waulize swali moja, wangoje, ndipo waulize lingine. Mwanafunzi aliyesema "mwulize huyu" nilimfukuza chumbani, aingie upya. Walicheka, lakini walijifunza. Kwa yule kijana nilikuwa mpole kuliko kwa wengine wote. Sikumrekebisha hata mara moja. Nilitaka afike kwenye mtihani na makosa yake yote.

Lakini hakufika nayo. Alikuwa akijifunza kutoka kwa wenzake ninaowarekebisha. Na siku moja akainua mkono darasani.

"Madam, na kama mkalimani mwenyewe anaona haya kuuliza swali?"

Darasa likacheka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Haya ya nini bana, si amelipwa?" Madam akanigeukia nijibu. Kijana naye akanigeukia. Hapakuwa na ubaya usoni mwake, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Nikasimama nikasema, "Mkalimani ni mdomo. Mdomo hauna haya."

Wakaandika wote kwenye daftari zao. Naye akaandika.

Mtihani ulipokaribia, Madam alitafuta mtu wa kutafsiri upande wangu, maana mimi ningekuwa mgonjwa na nisingetamka neno la Kiswahili. Akamchukua yule mama wa ploti yangu. Sikujali. Kwa hesabu zangu, hilo lilikuwa jambo zuri: atakuwepo akishuhudia nikimlipia kisasi.

Kila kituo cha mtihani kilikuwa na dakika kumi na kengele. Karatasi yangu ilisema hivi: wewe ni mzee mkimbizi, tumbo linakuuma, na umekuwa ukiona damu chooni lakini unaona aibu. Ukiulizwa vibaya, kana. Ukiulizwa kwa heshima, kubali. Madam alikaa pembeni na orodha yake. Nusu ya alama za kituo zilikuwa za kuipata ile damu. Zilizobaki zilitoka kwenye fomu yangu: alikusalimu, alikutazama, alikusikiliza?

Watano walitangulia. Wawili waliniuliza vibaya, nikakana. Watatu waliuliza vizuri, nikakubali. Mpaka hapo nilikuwa mwaminifu kabisa. Kisha akaingia yeye.

Tai ilikuwa imefungwa sawasawa. Alinisalimu mimi kwanza, kwa Kiarabu cha Juba. Mara ya kwanza kilimkwama, akakirudia. Hakuwa amefundishwa na chuo. Alikuwa amekitafuta mwenyewe, sijui kwa nani. Akavuta kiti mpaka magoti yetu yakaelekeana. Halafu, kabla ya kuniuliza chochote, akamgeukia yule mama.

"Mama, kuna maswali magumu nitamwuliza mzee. Kama kuna moja utaona haya kulisema, niambie sasa. Nitaita mwanaume, hakuna ubaya."

Yule mama akajibu, "Hakuna, daktari. Nitasema yote."

Akaniuliza tumbo. Nikajibu. Akaniuliza chakula, usingizi, safari niliyotoka. Moja, anangoja, lingine. Kisha akainamisha kichwa kidogo, sauti ikashuka.

"Mzee wangu, wagonjwa wengi wanaona vigumu kulisema hili, na si kosa lao. Ukienda choo, umeona damu?"

Yule mama akalitafsiri neno kwa neno, sauti yake imeshuka vilevile.

"La," nikasema.

Kijana hakukimbia. "Hata kidogo? Hata siku moja tu?"

"La."

"Kama ungependa tubaki sisi wawili, mama anaweza kukaa nyuma ya pazia."

"La. Na mwambie huyu mtoto ananichosha."

Yule mama aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimeshauona mtazamo huo mahali fulani. Kisha akamwambia kijana, "Mzee anasema amechoka."

Kengele ikalia. Kijana akasimama, akanishukuru kwa Kiarabu, akatoka na mgongo uliojaa jasho. Nikachukua fomu. Alikusalimu? Hapana. Alikutazama? Hapana. Alikusikiliza? Kalamu ilikuwa na wino mdogo, nikaipitisha mara mbili. Hapana. Madam alipokuja kuikusanya aliinua nyusi, lakini ni mimi niliyekaa kile kiti, si yeye.

Mchana nilipotoka nilimkuta ameketi kwenye jiwe nje ya geti, tai mfukoni, anaongea na simu. "Mama, nimeanguka... Si kwa kukosa kusoma, mama. Niliuliza. Nimeuliza mpaka... Usilie basi. Mama, usilie." Nikapunguza mwendo nisikie vizuri. Nilipomfikia nikasema, kwa lugha ya vijana, "Niaje, daktari?"

Akafuta uso. "Poa, kuka. Safari njema."

Nikapitia buchari, nikanunua nusu kilo ya nyama ya mbavu, nikaipika kwa vitunguu vingi. Sikuwahi kula kwa raha hivyo tangu mke wangu aondoke.

Jua lilikuwa bado halijazama yule mama aliposimama mlangoni. Hakuwa na kikombe cha uji. Hakuwa na kitu mkononi.

"Baba, yule mzee wako wa mtihani alikuwa na damu, ama hakuwa nayo?"

"Ule ni mchezo tu, binti yangu."

"Karatasi ilisema nini?"

"Umeshinda umechoka. Kaa, kuna nyama."

"Watatu walikuuliza, ukasema iko. Yeye amekuuliza vizuri kuliko hao, mara tatu, ukasema hakuna. Ulikuwa unamchinja, Baba. Na kisu umenipa mimi nishike."

Hasira ikanipanda. Nikamwambia alichotufanyia kijana yule, kile kicheko, ile Amerika, nikamtafsiria leo maneno niliyomficha siku ile. Nikasema, "Kama angekuuliza siku ile kama anavyojua kuuliza leo, mtoto wako..."

"Aliniuliza."

Akaingia ndani hatua moja.

"Damu, kwetu ni neno lile lile, Baba, karibu kabisa. Halikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Nililisikia. Nikakungoja wewe. Ukaniuliza kama nasikia baridi."

Nyama iliyobaki ilikuwa bado inachemka jikoni. Nakumbuka nilitaka kwenda kuiepua, lakini sikwenda.

"Mbona hukusema?" nikamwuliza. Hata hapo nilikuwa natafuta mtu wa kumtwika.

"Niseme vipi? Baba yangu amegeuza uso, mimi nitaje mbele yake kitu alichokataa kukitaja? Nikafikiri kwa watu wa huku hakitajwi. Nikafikiri labda si kitu kikubwa."

"Na miezi yote hii?"

"Nilikuona unajua. Nikasema akijua inatosha, ni mzee, nisimvue nguo. Leo nimeona haitoshi." Akajifunga leso upya kiunoni. "Kesho asubuhi utaenda kwa Madam. Usipoenda nitaenda mimi. Na mimi sasa Kiswahili nakijua."

Ile nyama niliwapa mbwa wa jirani.

Asubuhi nilikuwa mlangoni mwa ofisi ya Madam kabla hajafungua. Nilimwambia mambo mawili, la mtihani na la baridi. La mtihani lilitoka haraka. La baridi nililianza mara tatu. Aliponielewa alivua miwani na kukaa nayo mkononi.

"Mzee, umesimama mbele ya wanafunzi wangu miezi mingi."

"Ndiyo, Madam."

"Ukawaambia mdomo hauna haya."

"Ndiyo."

Akamwita kijana na kuniambia nirudie yote mbele yake. Hilo sikulitegemea. Nilirudia nikitazama viatu vyake, halafu nikakumbuka nilichowafundisha, nikainua macho. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama anavyosikiliza mgonjwa. Nilipomaliza nikasema, "Kijana wangu, nakuomba unisamehe."

Akatazama saa yake. "Kuka, niko na mgonjwa wodini," akasema. Akatoka.

Alipewa mtihani mwingine na mgonjwa mwingine, akapita. Onyo lake likafutwa kwenye faili. Jina langu likaondolewa kwenye orodha ya wakalimani, na ni haki. Yule mama alibaki. Siku hizi yeye ndiye anayewafundisha wanafunzi kumwuliza mkalimani, kabla ya kuingia kwa mgonjwa, ni maswali gani hawezi kuyasema. Nasikia huwatolea mfano wa mzee mmoja. Hanitaji. Mume wake alikuja mwaka uliofuata na akaondoka, na mtoto mwingine hajapatikana. Hilo halina mtihani wa kurudia.

Nami niliiacha ploti kwa wanangu, nikarudi Bumula kwenye shamba la baba yangu. Nilikuwa na chuki nyingi iliyobaki na mtu wa kuipa hayupo ila mimi, na nyumba yenye mtu mmoja tu huyo haikaliki vizuri. Mwaka jana mkojo ukaanza kunisumbua. Niliuvumilia kwa miezi, kijinga, mpaka yule mama alipokuja kunitembelea kutoka Kitale, akaona nilivyokuwa nikisimama nyuma ya migomba muda mrefu. Hakuuliza chochote. Akasema tu, "Vaa viatu, Baba," akanipeleka hospitali moja ya Bungoma.

Tulipoitwa, aliyekuwa mezani alikuwa yule kijana. Amenenepa kidogo. Pembeni yake walikuwa wamekaa wanafunzi wawili wa kike na daftari zao. Alisoma jina kwenye faili, akaliweka faili mezani polepole.

"Kuka," akasema. "Habali ya siku nyingi?"

"Njema, daktari."

Akavuta kiti mpaka magoti yetu yakaelekeana. "Nitauliza maswali ya aibu. Huyu mama akae, ama atoke?"

Yule mama alikuwa ameshaanza kuinuka. Angetoka bila kinyongo. Nikasema, "Akae."

"Na wanafunzi wangu?"

"Wakae."

Basi akaniuliza. Moja, anangoja, lingine. Unakojoa mara ngapi? Mkojo unaanza wenyewe ama unausukuma? Unakatika katikati? Nguo zinalowa? Na mambo ya chumbani, kuka, mara ya mwisho yalikuwa lini, na yalikwendaje? Sauti yake ilikuwa juu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nilipojibu kwa kichwa alisema, "Kwa mdomo, kuka, ili nisikosee." Mwanafunzi mmoja alitazama sakafu. Yeye hakuondoa macho yake kwangu hata mara moja. Nilijua anachonifanyia, naye alijua kwamba najua, na alikifanya vizuri kiasi kwamba hakuna mwalimu ambaye angempunguzia hata nusu alama.

Kisha akaweka kalamu chini.

"Na damu je?"

Nikafungua mdomo. Masikio yakapata moto, yale yale. Kijana yule alikuwa tayari kungoja mpaka jioni.

Yule mama akainama upande wangu. Akanirudia swali lile kwa Kiarabu cha Juba, neno kwa neno, bila kuliongeza wala kulipunguza, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua Kiswahili.

Nikamjibu kwa Kiarabu.

Akamgeukia daktari. "Anasema iko."

Kijana akachukua kalamu, akaandika.